Posa Kutoka Nchi ya Ngano

Husna alipomwambia shangazi yake kwamba amepata kazi Kanada, Mwanamkuu hakuuliza mshahara. Aliuliza, "Wenyewe ni watu gani?"

"Wenyewe akina nani, Shangazi? Ni hoteli."

"Hoteli ina mwenyewe, na mji una wenyewe. Hao ndio ninaowauliza."

Ilikuwa Ijumaa, Oktoba ya mwaka elfu mbili na kumi na mbili, na joto la Doha lilikuwa limeanza kulegea. Mwanamkuu alikuwa mpishi katika nyumba ya daktari wa Kisudani huko Al Wukair. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jiko, kidogo, lakini kina dirisha na kiyoyozi, na mke wa daktari hakuwahi kuingia humo bila kubisha. Husna alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya West Bay. Ijumaa akipata mapumziko hupanda basi kuja kwa shangazi yake, wakala wali wa nazi, wakalala kidogo, wakaamka kuzungumza habari za nyumbani Pangani.

Husna alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Mwanamkuu, na Mwanamkuu ndiye aliyemlea tangu hajui kufunga kifungo. Sasa Husna naye alikuwa na binti, Nasra, mwenye miaka saba. Baba wa mtoto alishika njia yake zamani. Nasra alikuwa Pangani kwa mdogo wake Mwanamkuu, akisoma darasa la kwanza. Kwa mshahara wa mtandika vitanda, sheria za Doha hazikumruhusu Husna kumleta mtoto kukaa naye. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka miwili hajamshika mkono.

"Huko ukifanya kazi vizuri miezi kadhaa," Husna alisema, "mkoa wenyewe, Saskatchewan, unakuombea ukaazi. Ukipata ukaazi, unamleta mtoto."

"Nani kasema?"

"Wakala."

"Wakala ni mshenga," Mwanamkuu alisema. "Umewahi kusikia mshenga akasema bwana harusi ana kikohozi?"

Husna akacheka. "Wanataka jibu Ijumaa ijayo. Nikiacha kazi hapa, sheria hainiruhusu kurudi Doha kwa muda mrefu. Kwa hiyo nikikosea, nimekosea. Lakini Shangazi, wewe ukisema siendi, siendi."

Hapo Mwanamkuu akaona mzigo aliotwikwa. Ndani ya moyo wake, na hili hakumwambia mtu, alitaka kusema usiende. Ijumaa zake zingebaki tupu. Lakini binti alikuwa amemwachia jibu kwa heshima, na heshima hiyo hailipwi kwa kujipendelea. Akaamua kufanya kama wanavyofanya kwao.

Kwao posa ikija haijibiwi siku hiyo. Wenye binti hushukuru, huomba nafasi ya kuzungumza na ndugu, kisha hutafutwa mtu mzima mwenye miguu myepesi na mdomo mzito akaulizie. Ndugu wa bwana harusi haulizwi, maana atasifu tu. Huulizwa jirani, huulizwa anayemfulia nguo, na akipatikana mwanamke aliyewahi kuachana na bwana huyo, basi huyo ni wa kukalishwa vizuri na kusikilizwa mpaka mwisho. Mwanamkuu alikuwa amewaulizia wasichana wengi wa ukoo wao. Mkoa mzima hakuwahi kuuulizia.

"Basi hii ni posa," alisema. "Na mimi nitaulizia."

*

Siku ile ile, saa kumi na moja jioni, mwenye hoteli alipiga simu. Kule ilikuwa saa mbili asubuhi. Alikuwa mama mmoja anayeitwa Cheryl, na Husna alikuwa ameshazungumza naye mara moja. Hoteli yake ilikuwa kando ya barabara kuu, vyumba vya ghorofa moja, wateja wake madereva wa malori na wachimba mafuta. Vyumba vilijaa kila usiku, lakini hakukuwa na mtu wa kuvitandika, kwa sababu vijana wote wa mji walikuwa wamekimbilia kwenye visima vya mafuta.

Kabla simu haijapokewa, Mwanamkuu alimshika Husna mkono.

"Usimtaje Nasra."

"Kwa nini? Ndiye ninayemwendea."

"Ndiyo maana usimtaje. Waache wamuulize wenyewe."

Husna alijua maana yake. Ulikuwa utaratibu wa ukoo wao. Mwanamke mwenye mtoto akiposwa, wazee wake hawamtaji mtoto. Wanasubiri. Wakitoka upande wa pili wakauliza wenyewe, "Na mtoto je?", hao ni watu. Wasipouliza, hurudishiwa posa yao kwa maneno mazuri. Mwanamkuu mwenyewe alipoposwa mara ya pili, Husna akiwa mdogo anamshikia kanga, mama wa bwana harusi aliinama akauliza, "Na huyu analala upande gani wa kitanda?" Mwanamkuu aliikubali posa kabla hajamwona vizuri bwana mwenyewe, na hakujuta, Mungu amrehemu bwana huyo.

Basi wakaweka simu mezani, sauti juu, na Husna akawa anatafsiri. Cheryl aliuliza kama Husna anaweza kuvumilia baridi. Aliuliza kama anajua kukaanga mayai ya watu wengi kwa pamoja. Aliuliza kama anaogopa mbwa, kwa sababu ana mbwa mzee anayelala mapokezi na wageni humruka. Alicheka kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kupiga kelele nje. Alisema chumba cha Husna kina dirisha la kusini, jua linaingia mpaka alasiri. Aliuliza kama anakula nyama ya nguruwe, na alipoambiwa hapana, akasema atanunua kikaangio kingine ili visichanganywe.

Mwanamkuu alilisikia hilo la kikaangio, akaliweka moyoni. Lakini alikuwa anasubiri neno moja, na neno hilo halikuja. Cheryl aliaga, akasema atangoja jibu Ijumaa ijayo saa ile ile, simu ikakatika.

"Mbwa kamtaja," Mwanamkuu alisema.

"Shangazi..."

"Mbwa kamtaja, tena na mahali anapolala. Mtoto hakumuuliza."

Husna alikunja kanga yake, akaikunja tena. Alipoondoka kwenda kupanda basi, hakugeuka kumpungia mkono kama kawaida yake.

*

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini Mwanamkuu alijua kwamba jibu lile lilimfaa yeye mwenyewe kupita kiasi, na jibu linalomfaa anayeuliza ni la kutazamwa mara ya pili. Tena alikuwa ameshaanza kuwa na hamu. Usiku alijikuta anajiuliza watu wa huko wanakula nini, wanaanika nguo wapi, na mtu akifa wakati wa barafu wanachimba kwa kitu gani.

Jumapili alipeleka bakuli la shorba ya adesi, supu ya dengu ndogo nyekundu, getini, kwa Herbert. Herbert alikuwa Mkenya, mlinzi wa kundi lile la nyumba, ya daktari ikiwamo, na alikuwa na simu iliyojua kila kitu. Alimwachia Mwanamkuu kiti chake chenye kivuli, yeye akasimama juani.

"Saskatchewan!" alisema. "Mathe, hilo jina peke yake ni mazoezi ya mdomo. Ngoja nicheki." Akapekua, akinywa shorba. "Eh. Hii place iko na ngano mpaka mwisho wa macho. Iko na mafuta. Iko na hii kitu inachimbwa chini kama chumvi, inatengeneza mbolea. Wanasema watu wasio na kazi ni wachache sana, karibu hakuna. Wanatafuta watu mpaka nje."

"Nchi tajiri haina watu?"

"Ni kubwa, Mathe. Ukitoa watu wote wa hapa Qatar uwamwage huko, hawataonekana. Na doo iko, pesa ya kutosha. Mimi nashangaa kwa nini hujapanga mabegi twende sote."

"Wewe utalinda nini huko? Ngano?"

"Nitalinda theluji isiibiwe."

"Hiyo simu yako inasema watu wa huko wana moyo gani?"

Herbert aliitazama simu, akaitazama tena. "Hapa wameandika wastani wa umri wa kuishi. Moyo hawajaandika."

"Basi ni simu ya ndugu wa bwana harusi," Mwanamkuu alisema, akasimama.

"Ngoja, Mathe, kaa chini. Si kuna yule mzungu wa nyumba ya mwisho, Douglas? Anafundisha mafundi wa mitambo. Yeye kwao ni huko huko. Basi la chuo linamshusha sasa hivi."

Na kweli, hazikupita dakika nyingi, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu akashuka kwenye basi na mkoba wake. Herbert alimweleza habari yote kwa Kiingereza, na Mwanamkuu alijua ameeleza kwa mapambo, maana Douglas aliangua kicheko, kisha akajizuia, akavua kofia yake kwa Mwanamkuu. Alipoona wako wawili na kiti ni kimoja, alikaa kwenye ukingo wa barabara na suruali yake safi.

"Anauliza unataka kujua nini kuhusu bwana harusi," Herbert alisema.

"Mwambie aanze na kasoro."

Douglas alifikiri. Akasema kasoro ya kwanza ni baridi, na ya pili ni baridi. Akasema wakati wa baridi magari hulala yamechomekwa kwenye umeme.

"Amesema nini?"

"Magari yanachajiwa, Mathe. Kama simu."

"Gari la umeme?"

Hapana, Douglas alieleza, ni la petroli, lakini injini ina waya unaoipasha moto usiku, la sivyo asubuhi haiwaki. Ukienda dukani unaona magari yamepangwa, kila moja waya unaning'inia puani. Mwanamkuu alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akauliza, na mtu je, anachomekwa wapi?

Douglas alipotafsiriwa, alicheka naye, halafu akawa mzito kidogo. Akasema mama yake aliishi peke yake shambani mpaka uzee. Jirani wa karibu alikuwa mbali, lakini ardhi ni tambarare kama sinia, kwa hiyo taa ya jikoni ilionekana. Kila asubuhi ya baridi jirani yule alitazama kama taa imewaka. Siku moja haikuwaka, akaja na trekta kwenye theluji, akamkuta ameanguka, amevunjika nyonga. Hakuna aliyemwagiza jirani yule kutazama taa. Mama yake hakujua kama anatazamwa.

Herbert alitafsiri hayo bila mapambo.

"Na jirani huyo," Mwanamkuu aliuliza, "siku za kawaida alikuja kuzungumza?"

"Hapana," Douglas alisema. "Labda Krismasi. Watu wetu hawapendi kusumbuana."

Jambo hili lilimtatiza Mwanamkuu. Kwao mtu asiyekuja kubisha hodi ni mtu mwenye kinyongo. Huyu habishi hodi, lakini anatazama taa.

Douglas alikuwa ameliona bakuli. Akauliza ni chakula gani, na alipoonyeshwa adesi nyekundu, akasema kitu kwa haraka, amenyoosha mikono kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

"Anasema hizi ni za kwao," Herbert alisema. "Kaka yake anazilima. Anasema adesi nyingi zinazoliwa huku zinatoka huko."

Mwanamkuu alirudi jikoni moja kwa moja, akageuza mfuko. Herufi za Kiarabu alizijua kwa sababu ya chuo cha Kurani cha utotoni. Akasoma polepole: Kanada. Ramadhani zote alizopika Doha, shorba aliyofuturisha watoto wa daktari, ilikuwa imelimwa na watu hao wa kutazama taa. Akasimama pale na mfuko mkononi, akiona ajabu. Lakini ajabu si jibu. Mwanamume anaweza kuwa mkulima mzuri na asimtake mtoto wa mwenzake.

*

Ni Herbert tena aliyempatia mtu wa mwisho. "Yule wa kuachwa," alisema kwa furaha, "nimekupatia. Anasali na sisi. Anaitwa Jerusha. Alikaa huko miaka, akatoka. Sasa ako reception ya kliniki ya meno, Al Sadd. Nimemwambia mathe mmoja anakuja kumuuliza kuhusu ex wake. Alishtuka kwanza."

Ijumaa ikafika. Mke wa daktari, aliposikia kuna safari ya kuulizia, alimwambia Mwanamkuu aache vyombo, atavisafisha mwenyewe, na akampakia sambusa za kupeleka. Mwanamkuu na Husna walikutana kituo cha basi, wakafika Al Sadd alasiri, maduka yakiwa yameanza kufunguliwa baada ya sala. Husna alikuwa ameshajua jibu la shangazi yake linaelekea wapi, na macho yake yalionyesha hakulala vizuri.

Jerusha alikuwa na chumba kwenye ghorofa alichokaa na wenzake wawili, waliokuwa kazini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye kicheko kilichojificha. Aliwaketisha kitandani, akaweka chai.

"Herbert aliniambia mnataka kumjua mume wangu wa zamani," alisema. "Nikamuuliza yupi, maana yule wa kweli yuko Eldoret na sitaki kumzungumzia."

"Huyo mwache," Mwanamkuu alisema. "Tunamtaka wa ngano."

"Wa ngano!" Jerusha alitikisa kichwa. "Huyo, Mama, nilimpenda na alinichosha. Nilifanya kazi kwa nyumba ya wazee, kuwaosha na kuwalisha. Nitakuambia ukweli."

Akaeleza. Alisema wakati wa baridi jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni na unatoka kazini gizani kama ulivyoingia. Alisema bila gari wewe ni mfungwa, na gari linakula mshahara. Alisema watu watakusalimia vizuri dukani mwaka mzima na hawatakualika chai, si kwa chuki. Wanangoja uwaalike wewe, na wewe unangoja wao, na hivyo mnazeeka. Alisema Jumapili alasiri mji ulinyamaza hadi alikuwa akiwasha redio aisikie sauti ya mtu akisoma bei ya ng'ombe.

"Na uzuri wake?"

"Pasipoti yangu ilikaa kwa kabati langu mwenyewe. Niliugua tumbo, nikapasuliwa, na hospitali hawakuniuliza pesa. Bosi wangu akinikosea niliweza kumwambia, na kesho yake nikaenda kazi kama kawaida. Kuna wakati nilisahau kuogopa, Mama. Unajua mtu huwa hajui anaogopa mpaka siku amesahau."

Husna aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Kwa nini ukaachana naye?" Mwanamkuu aliuliza.

"Mama yangu aliugua. Nilirudi Kenya kumuuguza, nikakaa mpaka nikamzika, na karatasi zangu zikaisha muda. Hakunifukuza. Mimi ndiye niliyekawia."

Mwanamkuu alinywa chai kidogo, akaweka kikombe. Hili ndilo lilikuwa swali lake, na alitaka kuliuliza kwa upole, kwa sababu aliona binti yake amekaza vidole.

"Mwanangu, huyu ana mtoto. Wiki iliyopita mwenye hoteli aliongea naye muda mrefu. Aliuliza mayai, aliuliza mbwa, aliuliza nguruwe. Mtoto hakumuuliza hata kwa bahati mbaya. Kwetu sisi, asiyeuliza mtoto hana nafasi ya mtoto. Mimi nimeona nimwambie Husna asiende. Nimekuja kwako kwa haki tu, nisije nikahukumu bila kumaliza kuulizia."

Jerusha alimtazama, kisha akamtazama Husna, kisha akaweka mkono mdomoni.

"Angemuulizaje, Mama? Amekatazwa!"

"Amekatazwa na nani?"

"Na sheria. Kule mtu anayekuajiri haruhusiwi kukuuliza kama una mtoto, kama umeolewa, kama una mimba. Akiuliza halafu asikuchukue, unaweza kumshtaki. Mimi nilikaa kwa interview nikingoja aulize, nimejitayarisha na majibu yote, akanyamaza. Nikadhani hanitaki. Nilipoanza kazi ndipo mwenzangu akanicheka. Kule kunyamaza ndiyo heshima. Wanangoja wewe useme ukitaka."

Chini barabarani magari yalipiga honi.

"Kwa hiyo," Mwanamkuu alisema polepole, "yeye alikuwa ananingoja mimi, na mimi ninamngoja yeye."

"Na simu inaingia saa kumi na moja," Husna alisema. "Shangazi, ilibaki kidogo tu."

"Najua, mwanangu."

"Ungeniambia nikatae, ningekataa."

"Najua. Nisamehe." Akamvuta karibu. "Nilimpima mtu wa watu kwa pishi ya Pangani. Sasa mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Lakini ujue, akishajua anaweza kusema hamtaki mtoto, na kazi ikaenda. Unataka kusema?"

Husna alifikiri. Kama angenyamaza, kazi ilikuwa yake. Angeweza kumtaja Nasra baadaye, akishafika. Jerusha mwenyewe alisema wengi hufanya hivyo na si kosa.

"Nitasema," alisema. "Kama hamtaki, afadhali nijue nikiwa huku."

*

Simu ililia saa kumi na moja kamili. Jerusha alitaka kuwapisha, Mwanamkuu akamzuia kwa mkono. Husna alisalimia, akasikiliza habari za theluji ya kwanza, kisha akasema kwa Kiingereza, haraka, kama mtu anayeruka mtaro: ana binti wa miaka saba, yuko Tanzania, na sababu ya yeye kutaka kuja ni kuishi naye siku moja.

Upande wa pili pakawa kimya. Kimya kirefu. Mwanamkuu alijilazimisha asikisome kimya kile kama alivyosoma kile cha wiki iliyopita.

Cheryl aliposema, alisema kwa sauti ya juu, na Husna hakutafsiri mara moja.

"Anasemaje?" Mwanamkuu alimvuta mkono. "Anasemaje?"

"Anauliza kwa nini sikumwambia mapema. Anasema shule ya mji wao imebaki na watoto wachache, kila mwaka wanatishiwa itafungwa, watoto wapandishwe basi kwenda mji mwingine. Anasema mwalimu akisikia kuna mtoto wa miaka saba atakuja kumpokea mwenyewe." Husna alisikiliza. "Anasema chumba alichoniwekea ni cha mtu mmoja. Nitaanza nacho. Mtoto akipata ruhusa, kuna nyumba ya marehemu dada yake nyuma ya hoteli, haikai mtu, paa linavuja upande mmoja. Hataki kuniahidi kwamba ruhusa itatoka upesi. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuzidi. Anasema yeye si serikali."

"Huyo ni mkweli," Jerusha alinong'ona. "Wakala angesema miezi mitatu."

Husna alimtazama shangazi yake.

Mwanamkuu alihisi Ijumaa zake zote zimepangwa mbele yake, moja baada ya nyingine, na sahani moja kila moja. Akazitazama kidogo. Kisha akatikisa kichwa kukubali, na kwa kuwa mambo ya posa hujibiwa kwa maneno, akasema, "Mwambie tumeridhia."

Husna alisema atakuja. Kule upande wa pili Cheryl akapiga kelele ya furaha, na mbwa akabweka. Halafu akauliza jambo jingine, na hapo Husna akafunika uso kwa kiganja.

"Nini tena?"

"Anasema kesho Jumamosi wanawake wa mji wanabadilishana nguo za baridi za watoto, ukumbini. Viatu vya theluji vizuri vinakwisha asubuhi. Anataka kumwekea Nasra jozi, ataongeza saizi kwa ajili ya kukua. Anauliza mguu wake ni namba ngapi." Machozi yalikuwa yameanza kumtiririka. "Shangazi, mimi sijui. Nilimwacha anavaa vya watoto wadogo. Sijui mguu wa mwanangu."

Mwanamkuu alikuwa na maneno mengi ya kumfariji, lakini aliona hayahitajiki. Akachukua simu yake ndogo mfukoni, akapiga Pangani, huku Cheryl akiwa bado hewani kwenye ile nyingine. Mdogo wake akaitika.

"Salama, salama, nitakueleza," Mwanamkuu alisema. "Yuko wapi Nasra? Mwite. Tafuta futikamba ya ushonaji, kama hakuna chukua uzi. Mguu wa kulia. Hapana, hajaumia. Tunataka urefu wake."

Wakasikia viti vikisogezwa, kuku akifukuzwa, mtu akisema simama vizuri, usikunje vidole. Jerusha alikuwa ametoa kalamu, anangoja. Husna akasogeza sikio kwenye simu ya shangazi yake, na huko mbali sauti nyembamba ikasikika ikilalamika kwamba uzi unamtekenya.

"Ni viatu vya nini?" mtoto aliuliza. "Mbona Idi bado?"

"Mpe mama yake simu," mdogo wake Mwanamkuu alisema, "amwambie mwenyewe."